Sungura wa Nyumbani: Kujenga Banda Linalofaa na Kuzalisha kwa Mpango

Sungura anafugwa katika maboma mengi ya Kaunti ya Nakuru. Kuna wanaomfuga kwa ajili ya nyama, kuna wanaotaka samadi na mkojo wake kwa mboga, na katika mitaa ya jiji kuna watoto wanaomfuga kama rafiki wa nyumbani. Hana kelele, hahitaji shamba kubwa na hula majani yanayopatikana kwa urahisi. Kwa sababu hiyo watu wengi huanza kumfuga bila kujiandaa. Baada ya miezi michache wanajikuta na sungura wengi katika kizimba kimoja, wakipigana, wakiwashwa na upele na wakizaa bila mpangilio.

Makala haya yanawaeleza wakaazi jinsi ya kumjengea sungura makao yanayofaa hali ya hewa ya eneo letu, na jinsi ya kumzalisha bila kumtesa na bila kumletea mfugaji hasara.

Kwa nini jambo hili linaihusu kaunti

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa serikali za kaunti jukumu la ufugaji, udhibiti wa magonjwa ya mifugo na ustawi wa wanyama. Zaidi ya hayo, Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360, inamlinda kila mnyama anayefugwa. Kumnyima sungura maji, kumfungia mahali asipoweza kugeuka au kumwacha akiugua bila matibabu ni kosa kwa mujibu wa sheria hiyo, hata kama mnyama huyo ni mali yako.

Fikiria idadi kabla ya kununua

Sungura jike hubeba mimba kwa siku 31 hivi, na anaweza kuzaa watoto wanne hadi kumi kwa mara moja. Tuseme umenunua jike mmoja na dume mmoja mwezi wa Januari. Jike anazaa Februari, na unampandisha kwa kiasi, mara nne kwa mwaka. Kila uzao watoto watano wanafika umri wa kuacha kunyonya. Hao peke yao ni 20. Ikiwa katika uzao wa kwanza kulikuwa na majike watatu na hukuwatenga, kufikia Agosti nao wako tayari kushika mimba. Wakizaa mara mbili kabla ya mwaka kwisha, wanaongeza 30 wengine. Kwa hiyo mwaka ulioanza na sungura wawili unaweza kuisha na zaidi ya 50, na wote ni wa ukoo mmoja.

Sungura mkubwa mmoja hula gramu 120 hadi 150 za chakula kikavu kwa siku. Sungura kumi wanaolishwa peleti peke yake watamaliza karibu gunia la kilo 50 kila mwezi. Kwa hiyo jiulize maswali matatu kabla ya kununua: nitawaweka wapi, nitawalisha nini wakati wa kiangazi, na watoto watakaozaliwa wataenda wapi? Ikiwa swali la tatu halina jibu, usipandishe.

Wakulima wengi bado wanakumbuka msisimko wa kware wa mwisho wa mwaka 2013 na mwanzo wa 2014. Watu waliuza mali ili kununua ndege na mayai kwa bei ya juu, kisha soko likajaa na bei ikaanguka katika muda wa miezi michache. Waliofaidika zaidi ni wale waliowauzia wenzao ndege wa kuanzia. Sungura pia huweza kuuzwa kwa njia hiyo. Mtu akikuuzia sungura wa kuzalisha kwa bei kubwa huku akikuahidi kwamba atanunua watoto wote, mwombe mkataba ulioandikwa. Tembelea pia wafugaji aliowahi kununua kwao, na uulize walilipwa lini. Anza na majike wawili au watatu na dume mmoja, uongeze soko linapoonekana.

Mahali pa kuweka banda

Kaunti yetu haina hali ya hewa moja. Jiji la Nakuru liko kwenye mwinuko wa mita 1,850 hivi kutoka usawa wa bahari, na Molo iko karibu mita 2,500. Usiku wa Julai katika Molo, Kuresoi au Mau Narok ni wa baridi kali, ilhali mchana wa Februari katika Rongai, Solai au Naivasha jua huwa kali na upepo hubeba vumbi.

Sungura huvumilia baridi kuliko joto, mradi awe mkavu na asipigwe na upepo. Kinachomuua kwenye maeneo ya juu ni unyevu pamoja na baridi, vinavyoleta homa ya mapafu. Huko, ziba upande unaotoka upepo kwa mbao au magunia mazito na uache nafasi karibu na paa ili hewa ipite. Kwenye maeneo ya joto, weka banda chini ya mti au uongeze kivuli cha makuti au nyasi juu ya mabati. Mabati matupu yaliyo karibu na kichwa cha sungura hugeuza kizimba kuwa tanuri. Joto likipita nyuzi 30, sungura huhema kwa nguvu na huacha kula, na dume anaweza kukosa nguvu ya kuzalisha kwa wiki kadhaa.

Usiweke banda jikoni penye moshi, wala karibu na mahali mbwa wanapofungwa. Kwa wanaoishi katika nyumba za kupanga, zungumza kwanza na mwenye nyumba na majirani. Malalamiko kuhusu sungura mara nyingi huwa ni ya harufu, na harufu hutokana na mkojo uliolala.

Vipimo vya kizimba

Kizimba kizuri hakihitaji gharama kubwa. Fundi wa mtaani anaweza kukitengeneza kwa mbao za mabaki na wavu wa chuma. Yafuatayo ndiyo ya kuzingatia:

- Jike wa aina ya wastani, pamoja na watoto wake, apewe nafasi ya sentimita 90 kwa urefu, 60 kwa upana na 60 kwenda juu. Aina kubwa kama Flemish Giant wanahitaji zaidi. Sungura aweze kujinyoosha wima na kuruka hatua kadhaa.
- Kila sungura aliyekomaa awe na kizimba chake. Madume wawili wakiwekwa pamoja hupigana hadi kujeruhiana sehemu za uzazi.
- Sakafu ya wavu iwe na matundu ya sentimita 1.25 kwa 2.5 hivi. Matundu makubwa hunasa miguu ya watoto, na madogo huzuia kinyesi kupita. Weka pia kipande cha ubao laini ambapo sungura atapumzisha miguu, kwani wavu mtupu hutoboa nyayo na kuleta vidonda.
- Kizimba kiinuliwe angalau sentimita 60 hadi mita moja kutoka ardhini. Chini yake weka bati lililoinama ili mkojo utiririke kwenye chombo.
- Miguu ya banda isimame ndani ya mikebe yenye oili iliyotumika. Siafu wanaweza kuua uzao mzima kwa usiku mmoja. Mlango uwe na komeo, maana panya, nguchiro, paka na nyoka nao huwatafuta watoto wa sungura.

Safisha kinyesi kila siku na ukaushe sakafu. Kinyesi ni samadi nzuri kwa shamba la mboga. Mkojo uchanganywe na maji mengi kabla ya kunyunyizwa, la sivyo utaunguza majani.

Sungura anayefugwa na watoto kama rafiki wa nyumbani anahitaji zaidi ya kizimba. Mtoe kila siku kwenye uwanja uliozungushiwa wavu akimbie kwa saa kadhaa, mkiwa mnamwangalia. Usimwinue kwa masikio. Weka mkono mmoja chini ya kifua na mwingine chini ya makalio, kwa sababu akirusha miguu ya nyuma bila kushikiliwa anaweza kujivunja uti wa mgongo.

Chakula na maji

Chakula kikuu cha sungura ni nyasi. Nyasi kavu ya boma Rhodes iwe mbele yake wakati wote, kwani meno yake hukua maisha yote na hupunguzwa kwa kutafuna. Ongeza majani ya viazi vitamu, sukuma wiki kwa kiasi na karoti kidogo. Majani mabichi yaanikwe kivulini kwa saa kadhaa yanyauke. Yakiliwa na umande au maji ya mvua hujaza tumbo gesi, na sungura hawezi kutapika.

Kuna hatari zinazotokana na mazao ya eneo letu, na wafugaji wazijue:

- Majani ya viazi mbatata, viazi vilivyogeuka rangi ya kijani na majani ya nyanya yana sumu. Wafugaji wa Molo, Elburgon na Mau Narok wasiwape sungura mabaki ya shamba la viazi.
- Majani na matunda ya parachichi pia ni sumu kwao.
- Mabaki ya maua kutoka mashamba ya Naivasha hunyunyiziwa dawa za wadudu. Yasitumike kama lishe kamwe.
- Mboga zilizotupwa sokoni zioshwe vizuri, na zilizooza zisitumike.

Maji safi yawepo usiku na mchana. Jike anayenyonyesha anaweza kunywa lita moja au zaidi kwa siku, na jike mwenye kiu baada ya kuzaa anaweza kuwala watoto wake. Maji ya visima vingi katika Bonde la Ufa yana madini ya floraidi kwa wingi, yaleyale yanayotia meno ya watoto wetu rangi ya kahawia. Maji ya mvua yaliyovunwa kutoka paa safi yanafaa zaidi.

Mara nyingine utamwona sungura akila kinyesi laini kutoka mkiani mwake, hasa usiku. Usimzuie. Huo ni mzunguko wa pili wa chakula, unaomwezesha kupata vitamini na protini zilizotengenezwa tumboni.

Kuzalisha kwa mpango

Chagua wazazi kwanza. Jike wa New Zealand White au California White awe na umri wa miezi mitano hadi sita, na dume miezi sita hadi saba. Aina kubwa wasubiri hadi miezi minane au tisa. Usimzalishe sungura mwenye meno yaliyopinda, mwenye upele, au jike aliyewahi kuwatelekeza watoto mara mbili au tatu mfululizo.

Usiwapandishe ndugu, wala baba na binti yake. Uzazi wa ndugu kwa ndugu huleta watoto wadogo na dhaifu, meno yasiyokutana na vifo vingi kabla ya kuacha kunyonya. Hali hii huingia polepole vijijini, kwa sababu jirani hununua dume kwa jirani yake, naye alimpata kwa jirani mwingine, na wote chimbuko lao ni boma moja. Dume mpya atoke mbali na kwako. Serikali ina kituo cha kuzalisha sungura kilichoko Ngong, na afisa wa mifugo wa wadi anaweza kukuelekeza kwa wafugaji wenye kumbukumbu nzuri. Sungura yeyote mpya atengwe kwa wiki mbili hadi tatu kabla ya kuwekwa karibu na wenzake.

Siku ya kupandisha, mpeleke jike kwenye kizimba cha dume. Ukimpeleka dume kwa jike, jike hulinda makao yake na anaweza kumjeruhi. Jike wa sungura hana mzunguko kama wa ng'ombe. Mayai yake huachiliwa saa kumi hivi baada ya kupandwa, kwa hiyo wafugaji wengi humrudisha jike kwa dume siku hiyohiyo ili kuongeza nafasi ya mimba. Dume mmoja anatosha majike kumi, mradi asipandishe zaidi ya mara tatu au nne kwa wiki.

Andika tarehe. Daftari la shilingi chache linatosha: jina au namba ya jike, dume aliyempanda, siku ya kupandwa, siku ya kuzaa, waliozaliwa na waliobaki hai. Bila tarehe hutajua lini kuandaa kisanduku cha kuzalia, na uzao utadondokea kwenye wavu na kufa kwa baridi.

Kisanduku kiwekwe siku ya 27 au 28. Kiwe na urefu wa sentimita 45 hivi, upana wa 30 na kimo cha 30, na mlango wenye kizuizi cha sentimita 15 ili watoto wasitoke. Tia nyasi kavu laini. Jike mwenyewe atang'oa manyoya ya kifuani na kutandika.

Watoto huzaliwa bila manyoya na macho yakiwa yamefumba. Kagua mara moja baada ya kuzaliwa, ukiwa umenawa mikono, na uondoe waliokufa. Kisha waache watulie. Jambo linalowatia wafugaji wapya wasiwasi ni kwamba hawamwoni mama akinyonyesha. Hilo ni kawaida. Sungura hunyonyesha mara moja kwa siku, kwa dakika chache tu, aghalabu usiku au alfajiri. Ukitaka kujua kama wameshiba, tazama matumbo: aliyenyonya ana tumbo la mviringo, na mwenye njaa ana ngozi iliyokunjamana. Watoto hufumbua macho kati ya siku ya 10 na ya 12, na hutoka kisandukuni wiki ya tatu.

Waachishe kunyonya wakiwa na wiki tano hadi sita. Mwondoe mama na uwaache watoto katika kizimba walichozoea kwa siku chache, ili wasipate mishtuko miwili kwa wakati mmoja. Wakifika miezi mitatu, tenga majike na madume. Kosa la jinsia hapa ndilo huleta mimba zisizotarajiwa, kwa hiyo kama huna uhakika mwombe afisa wa mifugo akuonyeshe.

Jike anaweza kushika mimba siku ileile aliyozaa, lakini kuweza si ruhusa. Mpandishe tena baada ya kuwaachisha watoto na akiwa amerudisha mwili. Uzao wa mara nne au tano kwa mwaka unatosha. Jike anayezalishwa mfululizo hukonda, hukosa maziwa na huzeeka mapema.

Magonjwa ya kuangalia

Koksidiosi huwashambulia sana watoto walioacha kunyonya, kati ya mwezi mmoja na mitatu. Dalili ni kuharisha, tumbo kubwa, manyoya yasiyolala na kukonda. Vijidudu vyake hukua kwenye kinyesi chenye unyevu, ndiyo maana sakafu kavu ni kinga ya kwanza.

Upele huanza na magamba ndani ya masikio, puani au kwenye nyayo, na sungura hujikuna bila kukoma. Unaweza kumwasha hata anayemshika. Mtenge mgonjwa na umwite mhudumu wa mifugo.

Usimpe sungura dawa ya ng'ombe, ya kuku au ya binadamu kwa kukisia. Baadhi ya dawa za viuavijasumu, kama penisilini na amoksilini zikipitia mdomoni, huua bakteria wazuri wa tumboni na kumwua sungura mwenyewe. Tumia mhudumu aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo Kenya, na una haki ya kumwomba akuonyeshe usajili wake. Sungura aliyekaa nusu siku bila kula tayari ni mgonjwa wa dharura.

Ukiona huwezi kuendelea

Sungura anayetunzwa vizuri nyumbani anaweza kuishi miaka minane hadi kumi na zaidi. Mtoto aliyepewa sungura akiwa darasa la kwanza anaweza kuwa sekondari akiwa bado naye. Ikiwa familia haitaki kuzalisha, daktari wa mifugo anaweza kumhasi dume.

Usimwachilie sungura wa kufugwa katika msitu wa Menengai, kando ya Ziwa Naivasha wala karibu na Mbuga ya Ziwa Nakuru. Sungura wa hadithi zetu, yule mjanja wa porini, ni spishi nyingine. Huyu wa kufugwa asili yake ni Ulaya. Wengi wakiachiliwa huuawa na mbwa au ndege wawindaji ndani ya siku chache, na wakisalimika huwa balaa kwa mimea. Australia ilijifunza hilo: sungura 24 waliopelekwa huko mwaka 1859 ndio chanzo kikuu cha mamilioni yaliyoharibu mashamba na malisho ya nchi nzima. Mpe jirani anayejua kufuga, shule yenye klabu ya 4-K iliyo na banda tayari, au umwone afisa wa mifugo akupe ushauri.

Anayechinja kwa ajili ya kuuza nyama ahakikishe imekaguliwa na mkaguzi wa nyama wa serikali. Sungura achinjwe haraka, bila kuteswa na mbali na wenzake.

Mahali pa kupata msaada

Afisa wa mifugo anapatikana kupitia ofisi ya wadi au ofisi ya kilimo na mifugo ya kaunti ndogo yako, katika kaunti ndogo zote 11. Nenda na daftari lako la kumbukumbu. Ukiripoti vifo vya ghafla vya sungura wengi kwa wakati mmoja, usile mizoga na usiitupe jalalani. Izike kwa kina na utoe taarifa siku hiyohiyo, ili majirani nao walindwe.